Sinia inarudi ilivyokuja, na homa nayo inarudi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nikisubiri saa ya kuwaona wagonjwa. Mama yangu ana miaka 79. Wiki sita zilizopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Kabla ya hapo alikuwa akijipikia na kufua nguo zake mwenyewe, na ukimpigia simu ndiye anayekuuliza wewe kama umekula.

Upasuaji ulipangwa siku ya pili. Tukaambiwa asile wala asinywe chochote tangu usiku wa manane. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, jioni tukaelezwa kwamba umeahirishwa. Ndipo akafanyiwa siku ya tatu, baada ya kufungishwa upya usiku ule. Kwa muda wote huo sidhani kama tumboni kwake kiliingia zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Sikulalamika, niliona ndiyo taratibu ya hospitali.

Mfupa ulikwenda vizuri. Lakini siku ya kumi akapata homa na kikohozi, daktari akasema ni nimonia. Akachomwa antibayotiki, akapona. Wiki mbili baadaye akaanza kuweweseka usiku, akiniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Ikaonekana ni maambukizi ya njia ya mkojo. Antibayotiki tena. Sasa ngozi ya chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, imeanza kuchubuka, na muuguzi anasema ni kidonda cha kulalia kinaanza.

Kinachoninyima usingizi ni chakula. Sinia huletwa, huwekwa kwenye meza ya miguuni, kisha baada ya muda huchukuliwa. Nikiuliza naambiwa "hana hamu." Juzi niliwahi kufika nikakuta kifuniko hakijaguswa. Pakiti ya maziwa ilikuwa imebanwa mdomo kiasi kwamba mimi mwenyewe niliifungua kwa meno. Na meno yake ya bandia nimeyakuta kwenye droo ya chini, yamefungwa kwenye karatasi laini, yako hapo tangu siku ya upasuaji.

Pete yake ya ndoa ameizungushia uzi isimtoke kidoleni. Mwezi mmoja kabla hajaanguka, kadi yake ya kliniki ya presha iliandikwa kilo 54. Hapa hakuna aliyempima hadi wiki jana, pale mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomsimamisha nami nikamwomba ampandishe kwenye mizani. Kilo 47.

Nyumbani hatuelewani. Kaka anasema mzee kukonda ni kawaida, tumwache apumzike. Dada ananunua vidonge vya vitamini na kuleta juisi chupa kwa chupa. Mimi ndiye mwenye kosa kubwa kuliko wote. Siku ya tisa nilishikwa na hasira nikamlisha kwa nguvu, kijiko baada ya kijiko, akiwa amelala chali. Akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Kesho yake ndiyo homa ikaanza. Sijamwambia mtu yeyote.

Nijibu bila kunificha, Shangazi. Kutokula ndiko kunakomletea maambukizi, au maambukizi ndiyo yanayomkatisha hamu? Tuombe awekewe mrija wa kulishia puani? Na niwaambieje wauguzi bila kuonekana mkorofi, maana mimi nikiondoka mama anabaki mikononi mwao?

Ni mimi,
Kitindamimba wake

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa mama.

Nianze na kile kijiko, maana naona ndicho kilichokukaba. Hakuna daktari atakayesimama akasema kwa uhakika kwamba nimonia ile ilitokana na mkono wako. Mgonjwa wa miaka 79 aliyelala siku tisa kwa nyonga iliyovunjika, mdomo haujasafishwa, kikohozi hakina nguvu, tayari yuko kwenye njia ya nimonia hata kama hajalishwa na mtu. Mate yake mwenyewe, pamoja na vijidudu vilivyomo, humteremkia mapafuni akiwa usingizini.

Lakini siri hiyo itoe leo. Huna haja ya kutubu mbele ya mtu, itoe kama habari ya ugonjwa: "Daktari, mama alipaliwa siku ya tisa na homa ikaanza kesho yake." Maneno hayo machache yatawafanya waangalie anavyomeza. Kama anameza vibaya, basi kila kijiko na kila funda la maji tangu siku ile limekuwa na hatari ileile, awe anayelisha ni wewe au ni mwingine. Nimekuwa muuguzi wa wodi za wazee kwa miaka mingi, na nimeona familia ikificha jambo kama hili kwa aibu huku mgonjwa akiendelea kunyweshwa maji mepesi, na kumbe maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpalia.

Sasa swali lako: kipi kilitangulia? Kwa mama yako nadhani njaa ilitangulia, tangu zile siku za kusubiri upasuaji. Lakini baada ya hapo havitenganishiki, kimoja kinamzaa mwenzake.

Mwili unapopambana na vijidudu unahitaji malighafi. Chembe nyeupe za damu hutengenezwa kwa protini, na kadhalika kingamwili zinazonasa vijidudu, na ngozi mpya inayoziba kidonda. Mafuta yana ghala lake mwilini. Protini haina ghala zaidi ya misuli yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa asiyekula akishikwa na homa, mwili unabomoa mapaja, mabega na kifua ili upate cha kupigania. Wakati huohuo kemikali zilezile zinazopandisha homa huenda ubongoni na kuzima njaa. Mama hafanyi ukaidi anapogeuza uso. Ugonjwa umemfungia mlango wa njaa wakati ambao mahitaji yake yamepanda kuliko alipokuwa mzima.

Halafu fikiria kikohozi. Watu hudhani kukohoa ni kazi ya koo, kumbe ni kazi ya misuli ya kifua na tumbo. Misuli hiyo ikiyeyuka, kikohozi kinabaki cha kukwaruza tu, makohozi yanakaa chini ya pafu, na yakikaa yanaoza. Miguu ikilegea, mgonjwa hawezi kujigeuza kitandani, na pale palipobaki mfupa na ngozi damu haipiti vizuri, ngozi inachubuka. Akishindwa kutembea hadi chooni anawekewa mpira wa mkojo, na mpira huo ni daraja la vijidudu kuelekea kwenye kibofu. Nimonia, mkojo, kidonda. Umeniandikia matatizo matatu, nami nayasoma kama tatizo moja lililotokea sehemu tatu.

Kuna utafiti uliofanywa Marekani ambao huwa naukumbuka kila nikiona mzee amelazwa. Watu wenye umri mkubwa, wazima kabisa, walikubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Chakula walipewa, ugonjwa hawakuwa nao. Miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama isiyo mafuta. Mama yako amelala zaidi ya mara nne ya siku hizo, akiwa na maambukizi mawili na sinia ambayo haijafunguliwa.

Kwa hiyo mwambie kaka yako, kwa heshima, kwamba huku si kukonda kwa uzee. Ni kweli mzee hupoteza hamu kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Lakini kutoka kilo 54 hadi 47 ndani ya miezi isiyozidi mitatu ni kupoteza 13 kwa 100 ya uzito wote. Wataalamu wa lishe huanza kushtuka mgonjwa akipoteza 5 kwa 100 ndani ya miezi mitatu. Huo ni utapiamlo, na unapaswa kuandikwa kwenye faili lake kwa jina hilo, kama walivyoandika nimonia. Jambo lisiloandikwa kwenye faili halina mtu wa kulishughulikia zamu ikibadilika.

Na si elimu mpya hii. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Marekani, Hiram Studley, alifuatilia wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo. Kati ya waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito kabla ya upasuaji, mmoja kwa kila watatu alifariki. Kati ya waliopoteza chini ya hapo, walifariki karibu 3.5 kwa 100. Mama hajafika huko, na sitaki afike. Nimekutajia ili mtu akikuambia chakula ni mambo ya jikoni, ujue kwamba ni matibabu.

Habari njema ni kwamba kumlisha mgonjwa kwa mpango kunaokoa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 8 za Uswisi, zenye wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa hatarini kwa lishe duni, wengi wao wazee. Nusu waliachwa na chakula cha kawaida cha hospitali. Nusu nyingine kila mmoja alipangiwa na mtaalamu wa lishe kiasi chake cha nguvu na protini, na ukafuatiliwa utekelezaji. Baada ya siku 30, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watu 10 kwa kila 100, la pili 7. Hawakupewa dawa mpya. Walipewa chakula na mtu wa kukiangalia.

Sasa mama anahitaji kiasi gani? Kwa mzee mgonjwa, hesabu inayotumika ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nguvu ya takriban kilokalori 30 kwa kilo. Kwa kilo 47 hiyo ni gramu 56 hadi 70 za protini na kama kilokalori 1,400. (Kama aliwahi kuambiwa figo zake ni dhaifu, kiasi hicho akipange daktari.) Yai moja lina gramu 6 hivi. Bilauri ya maziwa ina 8. Kipande cha samaki au nyama kinachojaa kiganja kina kama 25. Bilauri ya juisi ya matunda haina hata 2.

Unaona basi kazi ya dada yako inapokwenda. Anampenda mama na anatoa fedha yake, usimkemee. Lakini juisi inajaza tumbo dogo na kufukuza kile chenye protini, na vidonge vya vitamini haviwezi kujenga msuli kwa mwili usio na matofali. Mpe kazi nyingine inayofanana na moyo wake: badala ya juisi, kinywaji cha maziwa kilichoongezwa unga wa maziwa, au yai lililovurugwa laini, au supu nzito iliyosagwa pamoja na nyama yenyewe. Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa mgonjwa kabla hajaonja. Muulize kwanza muuguzi wa zamu kama chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, kije cha moto, kifunikwe, na kilichobaki kisikae kando ya kitanda hadi jioni. Tumbo la mgonjwa wa namna hii halina uwezo wa kuhimili kuhara.

Nataka nirudi kwenye neno "hana hamu," kwa sababu nimelisikia maisha yangu yote ya kazi na huwa linafunga mazungumzo pale ambapo yangepaswa kuanza. Hana hamu kwa nini?

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, baba mtu mzima, zamu zote ziliandika kwamba hali chakula. Siku ya nne nikachukua tochi nikamwomba afungue mdomo. Ulimi na kaakaa vilikuwa vimefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Fangasi. Antibayotiki alizopewa kwa ajili ya mapafu zilikuwa zimeua vijidudu rafiki wa mdomoni, fangasi wakapata uwanja. Kila tonge lilikuwa kama kumeza mchanga wa moto, na yeye ni mtu asiyelalamika. Akapakwa dawa, na siku chache baadaye akaniuliza kama jikoni wamebakiza mkate. Mama yako amemaliza duru mbili za antibayotiki. Angalia mdomo wake leo hii.

Angalia na mengine. Hajapata choo siku ngapi? Dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na tumbo lililofunga halitaki kitu. Je, ana maumivu wakati wa kula? Basi dawa ya maumivu ipangwe iwahi mlo. Je, kuna dawa inayobadilisha ladha mdomoni au kuleta kichefuchefu? Zipo kadhaa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki, na daktari akiulizwa anaweza kubadili. Chakula chake hakina chumvi kwa sababu ya presha? Kwa mzee anayekonda hivi, masharti ya namna hiyo mara nyingi hulegezwa, kwa kuwa chakula kinachoachwa kwenye sahani hakimsaidii presha wala mwili. Ulizia. Na ana huzuni? Mwanamke aliyekuwa akijipikia, sasa analishwa mbele za watu. Hilo nalo linakata hamu.

Ujue pia kwamba kwa wazee homa si lazima ipande maambukizi yanapoanza. Kuweweseka kwa ghafla ni dalili, kama ulivyoona. Kukataa chakula kwa ghafla nako ni dalili. Akila nusu sahani Jumatatu na Jumanne, halafu Jumatano asiguse kitu, usisubiri kipimajoto. Mwite muuguzi umwambie tofauti hiyo.

Kuhusu meno, mwanangu, hapo nimeumia. Yaoshe, umvalishe. Inawezekana yanacheza, kwani yamekaa bila kuvaliwa wiki sita na uso wake umepungua. Yakimkwaruza, yatoe, apewe chakula laini hadi yarekebishwe, kwa maana kidonda cha ufizi kitamkatisha hamu upya. Usiku yatolewe, yasuguliwe, yawekwe kwenye chombo chenye maji kilichoandikwa jina lake. Mdomo wake usafishwe asubuhi na usiku kwa mswaki laini, ufizi na ulimi pia, hata siku ambayo hakula chochote. Mdomo mchafu ndio kisima ambamo mapafu hupata nimonia, na kusafisha mdomo ni kinga ambayo wewe unaweza kuifanya kwa mkono wako mwenyewe.

Kulisha ni hivi. Usianze bila daktari kusema anameza salama. Nawa mikono, mnawishe na yeye. Mkalishe wima, kwenye kiti kama nyonga inaruhusu, la sivyo kitanda kiinuliwe na mito imshike pande zote. Mpe miwani yake. Keti, uso wako uwe usawa wa wake, maana ukisimama atainua shingo, na shingo iliyoinuliwa inafungua njia ya hewa. Kijiko kidogo, nusu. Subiri uone koo limepanda na kushuka. Msizungumze akiwa na kitu mdomoni. Akiwa na uwezo wa kushika kijiko, ashike yeye, wewe shika kiwiko. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha na umwite muuguzi. Akisema basi, ni basi. Utarudi baada ya saa moja. Baada ya kula abaki wima kwa nusu saa. Usimlazimishe tena kamwe. Umeshajua kwa nini, sina haja ya kuongeza.

Mrija wa puani: kwa sasa, kutokana na ulichonieleza, ningesema bado. Mtu ambaye sinia yake haijafunguliwa hajashindwa kula, amekosa msaada wa kula. Kwanza apewe huo msaada, aongezewe vinywaji vya lishe vyenye protini nyingi, angalau kilokalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku juu ya chakula chake, na waangalie siku chache. Mrija una nafasi yake kwa mgonjwa asiyeweza kumeza salama, au anayeshindwa kufikia mahitaji yake hata akisaidiwa vizuri, na anayetarajiwa kupata nafuu. Wengi hudhani mrija unazuia kupaliwa. Hauzuii. Mate bado yanateremka, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Wagonjwa waliochanganyikiwa huuvuta, kisha hufungwa mikono, na hilo ni jambo la kufikiri mara mbili.

Lipo onyo moja hapa ambalo lazima daktari alisikie kabla hamjaanza kumlisha kwa wingi. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula cha maana akijazwa ghafla, madini ya damu, hasa fosfeti, potasiamu na magnesi, yanaweza kushuka hadi moyo ukayumba. Kwa hiyo ianzwe polepole, damu ipimwe, apewe vitamini B1 kwanza. Hapo ndipo kidonge cha dada yako kinaweza kupata kazi, kwa maelekezo ya daktari.

Na wauguzi je? Mimi nimekuwa upande ule, nakuambia: muuguzi mwenye wagonjwa wengi kupita uwezo wake huacha kwanza kile ambacho hakuna anayekiuliza. Dawa isipotolewa, kuna pahali pa kusaini. Sinia ikirudi imejaa, mara nyingi hakuna pa kusaini. Usiende na lawama, nenda na namba zako na swali. Mwombe nesi mkuu wa wodi dakika tano, wakati ambao hawagawi dawa, umwambie hivi: "Mama alikuwa kilo 54, sasa ni 47. Amepata maambukizi mawili na kidonda kinaanza. Naomba apimwe hali ya lishe, amwone mtaalamu wa lishe, na tuandike kila anachokula kwa siku tatu. Mimi nitakuja saa za chakula kusaidia." Lile la mwisho ndilo litakalokufungulia mlango. Omba ruhusa saa yako ya kumwona ihamie kwenye mlo mmoja, na mgawane zamu na ndugu zako. Kaka yako anayesema tumwache apumzike, mpe mlo wa jioni. Akikaa na mama nusu saa akitazama bilauri ya maziwa ikishuka, atabadilika bila hoja.

Muulize pia kama mpira wa mkojo, iwapo bado upo, unaweza kutolewa, na kama mtaalamu wa mazoezi anaweza kumsimamisha kila siku, maana protini bila miguu kukanyaga chini haijengi msuli. Kuna hospitali nyingi Uingereza zinazotumia sinia nyekundu kwa mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kula, ili yeyote anayeigawa au kuiondoa ajue bila kuuliza. Kwenu inaweza isiwepo. Mnaweza kubandika karatasi ukutani juu ya kitanda, kwa idhini ya wodi: anahitaji kufunguliwa pakiti, meno yavaliwe, akae wima.

Na ikitokea amepangiwa kurudi chumba cha upasuaji, kwa sababu ya kidonda au lingine lolote, usikae kimya kama mara ya kwanza. Kwa kawaida saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji matupu zinatosha kabla ya nusukaputi. Kama ratiba imesogezwa, uliza palepale: "Basi anaweza kula sasa hivi?"

Kwa ajili ya kidonda, mama ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache, na usikisugue.

Leo ukiingia wodini anza na tochi, uangalie mdomo. Kisha meno. Kisha umtafute daktari umwambie habari ya kupaliwa. Mambo mengine yanaweza kusubiri kesho. Mpimeni siku moja kila wiki, mizani ileile, asubuhi, nguo nyepesi, na uangalie kama miguu imevimba, kwa kuwa maji yanaweza kuficha nyama iliyopotea. Uniandikie uzito wa wiki ijayo, hata kama haujapanda.

Shangazi